Kipande cha Tatu

Mwaka ule wa kipindupindu, watu kumi na tisa walikufa katika kijiji kimoja cha Mtwara wakisubiri maji ya dripu, na maji yenyewe yalikuwa yamejaa tele kwenye ghala la Chang'ombe, Dar es Salaam. Atuganile ndiye aliyeligundua hilo, tena aligundua wakati hapakuwa na wa kuokolewa. Alikuwa opereta wa teleksi, mashine ya kutuma maandishi kwa waya, na alikuwa akipanga karatasi za mwezi uliopita alipoona kwamba ombi la Mtwara lilifika siku ya tano tangu liandikwe. Mafuriko ya Rufiji yalikuwa yamekata laini. Opereta wa Mtwara alijaribu, akangoja, akajaribu tena, akangoja. Lakini siku zote hizo laini ya Mtwara kwenda Songea ilikuwa nzima. Ya Songea kwenda Iringa nzima. Ya Iringa kwenda Morogoro nzima, na Morogoro na Dar es Salaam walikuwa wakitumiana hadi matokeo ya mpira.

Alizichukua karatasi akaingia nazo kwa meneja wake, Revelian, mtu wa Bukoba aliyesomea mitambo Ulaya.

"Mbona hawakuzunguka?" akamuuliza.

"Wangezungukaje? Ujumbe wa Mtwara unakuja Dar. Songea hauwahusu."

"Ndiyo hapo sasa, ndugu meneja. Hauwahusu. Watu wamekufa kwa sababu hauwahusu."

Revelian alizisukuma karatasi kando. Hakuzoea opereta kumwingilia ofisini na karatasi za watu waliokwisha kuzikwa. Shirika lao lilikuwa la kusambaza dawa mikoani, na kazi ya opereta ilikuwa kupiga alichopewa na kung'oa kilichofika. Kufikiri kulikuwa na watu wake.

Lakini Atuganile alikuwa amekwisha kukaa karibu na mashine nyingine kabla ya teleksi. Alipotoka kwao Tukuyu, msichana aliyejua kuchapa kuliko makarani wa kiume, alipata kazi ya kutoboa kadi kwenye kompyuta ya serikali, likompyuta lenye ukubwa wa chumba cha kulala. Baadaye serikali ilipiga marufuku kompyuta kuingizwa nchini, ile mashine ikazimwa, na wenzake wengi wakabaki kuicheka: eti jitu zima lile lilishindwa hesabu za mishahara. Yeye hakuicheka. Alikumbuka jambo moja, kwamba mashine ile haikuwa na akili hata kidogo, na bado ilifanya mambo makubwa kwa sababu maagizo yake yalikatwakatwa yakawa madogo mno. Kila agizo lilikuwa dogo kiasi kwamba hata mjinga angelitimiza bila kukosea.

Basi akajifungia na daftari la shule majuma matatu, akawaandikia maopereta wa mikoani maagizo ya namna hiyo. Kila ujumbe uwe na kichwa: unatoka wapi, unakwenda wapi. Ukifika kwako na si wako, mpe jirani aliye hai. Kila asubuhi mwambie jirani ni laini zipi zinafanya kazi upande wako, naye amwambie wa kwake. Ujumbe mrefu ukatwe vipande vya mistari ishirini, kila kipande kiandikwe ni cha ngapi kati ya vingapi, kila kimoja kipite njia yake, maana ujumbe mrefu laini ikikatika katikati huanza upya, bali kipande hurudiwa peke yake. Aliyepokea ahesabu mistari na kujibu hesabu hiyo. Na aliyepitisha asichane nakala yake mpaka siku saba ziishe. Na la mwisho alilipigia mistari miwili chini: kipande kisichofika kiulizwe mpaka kifike.

Revelian alilisoma daftari mara ya kwanza akacheka. Mara ya pili hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa barua ya mwenzake aliyesoma naye, aliyeajiriwa huko ng'ambo.

"Sikiliza," akasema. "Anasema huko wana vyuo vimeunganisha kompyuta zao. Kompyuta moja inaongea na nyingine iliyo mbali. Wanaukata ujumbe vipande, kila kipande kinatafuta njia yake." Akaishusha barua. "Nani kakwambia habari hizi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Wao wana kompyuta."

"Sie tuna Rosalia wa Mtwara," Atuganile akasema, "na yule Adelard wa Songea. Wanatosha."

Wakatosha kweli. Maagizo yalichapwa kwa stensili, yakapelekwa vituo tisa. Ukutani mwa chumba cha teleksi Atuganile akatundika ubao wa mpingo wenye matundu na vijiti, kila kituo na kijiti chake, na kila asubuhi alivihamisha vijiti kuonyesha siku hiyo ujumbe wa wapi upite wapi. Ubao huo alichongewa na jirani yake wa Mwananyamala, fundi Leonardi, Mmakonde wa Newala, ambaye alikaa na mkewe Yuliana chumba cha pili katika nyumba ileile. Leonardi hakuelewa ubao ni wa nini, lakini alivipenda vile vijiti. Alivichonga vyote sawasawa, hata ukifumba macho usingejua hiki ni kipi.

Miaka minne mtandao ule ulifanya kazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotakiwa Mbeya ilipatikana Dodoma kwa nusu saa. Daraja likivunjika, laini ikifa, ujumbe ulizunguka wenyewe ukafika. Maopereta ambao hawajawahi kuonana walijuana kwa mwendo wa vidole, na Rosalia, aliyekuwa binti mdogo tu alipoanza, alizishika zile sheria kama mtu anavyoshika sala. Atuganile alikuwa mjane asiye na mtoto. Akipita kwenye ua wa shirika jioni, mkoba mkononi, alitembea kama mtu mwenye ukoo mkubwa.

Ndipo mwaka themanini na tatu ulipofika na zoezi la nguvu kazi. Mjini hapatakiwi mzururaji, ikatangazwa. Kila mtu awe na kazi inayojulikana na kitambulisho cha mwajiri, asiye nacho arudi kwao akalime. Wazee wa Mwananyamala waliokumbuka enzi za Mwingereza wakanong'ona kuwa kipande, kile cheti cha kazi cha mkoloni, kimerudi. Ofisi iliyosimamia zoezi ilikuwa na kazi kubwa, kujua nani karudishwa wapi na kama kafika. Ikasikia kwamba shirika la dawa lina teleksi isiyokosa kufika. Akaja mtu wao, Ndugu Mwinjuma, mpole, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri, akaahidi vipuri vya mitambo, ambavyo shirika lilikuwa halijaviona miaka miwili.

"Ni ujumbe gani watapitisha?" Atuganile alimuuliza Revelian.

"Wa serikali. Nasi ni serikali. Hii ni barabara, ndugu yangu. Barabara haimuulizi mpita njia aendako."

Atuganile, ukweli usemwe, hakubisha. Tena alivimba kichwa kidogo. Alimfundisha Mwinjuma vipande na vichwa, akamwonyesha ubao, na yule bwana akatikisa kichwa kwa heshima akisema, "Hii, mama, hata majeshi hayana." Siku hiyo Atuganile alirudi nyumbani akiimba.

Leonardi alikamatwa Magomeni mwezi wa kumi na moja, vinyago viwili kwapani. Kazi yake ilijulikana na mtaa mzima, lakini hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua. Yuliana alihangaika vituo vyote vya polisi siku tatu kabla hajaambiwa mumewe kesha safirishwa. Atuganile alimsindikiza, akamshika mkono, akamkopesha khanga ya kujifunika. Baada ya wiki ndipo wazo lilipomjia, akaenda kuzipekua nakala za orodha za waliorudishwa. Opereta mzuri hasomi anachopiga, macho yanaona herufi tu na vidole vinafuata. Jina la Leonardi lilikuwa mstari wa kumi na nne, na chini ya karatasi palikuwa na A, herufi ya Atuganile mwenyewe. Alikuwa amelipiga jina la jirani yake kuelekea Mtwara na hakuliona.

Hakumwambia Yuliana. Ila tangu siku hiyo akaanza kusoma.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya Leonardi akarudi. Alipewa shamba la mikorosho huko, akakaa miezi mitatu, akashindwa. Alitembea, akapanda malori ya chumvi, akaingia Mwananyamala amekonda, miguu imepasuka. Akawa hatoki chumbani. Alichonga kwa kisu tu, maana nyundo ingesikika. Ukipita mlangoni ulisikia mkwaruzo mdogo, krii, krii, kama panya anatafuna.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mtambo ukaanza kutapika kutoka Morogoro: Mtwara kwenda Dar, ofisi ya zoezi, waliotoroka vijijini na makazi yao ya zamani mjini. Vipande vitano. Kwenye kipande cha tatu Atuganile akalisoma jina, na jina la mtaa, na namba ya nyumba anamolala yeye mwenyewe.

Hakufikiri sana. Alikihesabu, akajibu Morogoro kwamba kimefika, mistari ishirini. Vingine vinne akaviweka kwenye jalada la Mwinjuma. Hicho kimoja alikikunja kidogo kidogo, akakiweka kifuani, akaenda nacho chooni, akakichana na kukimwagia maji.

Alipofika nyumbani aliwakuta Yuliana na mumewe wamesimama, kifurushi kimefungwa. Mgambo walionekana mtaa wa pili.

"Naenda Kunduchi, dada," Leonardi akasema. "Kuna Wamakonde wenzangu wanaponda kokoto kule. Nitakaa nao mpaka mambo yapoe."

"Fungua mzigo wako, fundi."

"Unasemaje?"

Akawafungia mlango, akawaambia. Si yote. Hakuwaambia juu ya safari ya kwanza na ile herufi A. Aliwaambia tu kwamba orodha imekuja, imepita mkononi mwake, na jina ameliondoa. "Pale kwangu ndipo mlangoni," akasema. "Kisichopita kwangu hakipo. Hakuna ajuaye uko hapa. Ukitoka kwenda Kunduchi ndiyo watakukamata njiani."

Leonardi alimtazama mkewe. "Mie moyo wangu unaniambia niende."

"Moyo!" Atuganile akasema, kwa ukali kidogo. "Fundi, mtandao ule nimeutengeneza mie. Naujua."

Yuliana ndiye aliyefungua kifurushi. Alipika ugali wa unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na dagaa wachache, wakala watatu, na Leonardi kwa mara ya kwanza tangu arudi akacheka, akisimulia dereva wa lori aliyemwogopa akidhani ni mzimu.

Jumamosi alfajiri mgambo walikuja na Land Rover. Hawakuuliza nyumba wala chumba. Walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa pili kushoto, wakagonga, wakamtoa. Atuganile alisimama barazani na khanga yake ya kulalia.  Leonardi alipopita mbele yake alimwangalia, si kwa hasira, ila kama mtu aliyesahau kitu na anajaribu kukikumbuka.

Lazima kuna mtu kasema. Hilo ndilo lililomkaa Atuganile, na hasira ikampa nguvu. Alivuka barabara mpaka kwa Mzee Jamali, balozi wa nyumba kumi, akamkuta anatawadha.

"Shikamoo mzee. Umemuuza Leonardi kwa kiasi gani?"

Mzee Jamali aliliweka birika chini. "Mwanangu, huyo kijana amelala siku kumi na saba nyumba ya tano kutoka kwangu, na kila siku mie napita pale naangalia juu. Ningetaka kumsema, angefika siku ya pili?"

"Nani basi?"

"Mie sijui. Lakini wamekuja na karatasi. Nimeiona. Ilikuwa imechapwa."

Jumatatu Atuganile alifika kazini kabla ya mfagizi. Alifungua jalada la nakala. Kipande cha tatu kilikuwepo, kizima, mistari ishirini, kimepigwa Alhamisi saa saba mchana, na chini yake herufi N. Saa saba Alhamisi yeye alikuwa kantini.

N alikuwa Nassibu, opereta mpya, kijana msafi mwenye hati nzuri, ambaye yeye mwenyewe Atuganile alimfundisha. Alipoingia alikuta jalada limefunguliwa mezani.

"Hiki ulikitoa wapi?"

"Morogoro, dada," Nassibu akasema. "Ndugu Mwinjuma alikuja mchana, anasema ana cha kwanza, cha pili, cha nne na cha tano. Nikawauliza Morogoro kama maagizo yanavyosema. Walikuwa na nakala. Haikuchukua hata dakika nne." Alisubiri asifiwe. Kisha akaongeza, "Nilikosea?"

"Hapana."

"Maana nilidhani pengine kilipotea kwako. Ndugu Mwinjuma akacheka, akasema mtandao wa huyu mama haupotezi kitu, hata mama mwenyewe akipoteza."

Atuganile aliketi. Mbele yake ule ubao, vijiti vyote mahali pake. Miaka minne alikuwa amepigana na kila kitu kinachoweza kuuzuia ujumbe usifike, mafuriko, wizi wa nyaya, uvivu, usahaulifu wa watu, na kila kimoja alikiwekea sheria. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja kizuizi kitakuwa yeye. Mashine haikumbagua. Ilimzunguka kama ilivyouzunguka Mto Rufiji.

Jioni akaenda kwa Yuliana, na safari hii akamwambia yote: orodha ya kwanza, herufi A, nakala za siku saba, Nassibu. Yuliana alikuwa akikunja nguo za mumewe, hakuacha kukunja.

"Kwa hiyo angekwenda Kunduchi angepona," akasema.

"Huenda."

"Usiniambie huenda, dada Atu. Alikuwa amesimama pale. Kifurushi nilikifungua mie kwa mikono yangu, kwa sababu ulisema unaujua." Akalikunja shati la mwisho. "Hiyo mashine yako inajua watu wote?"

"Inafika kote."

"Basi iulize yuko wapi."

Kesho yake aliuliza. Ujumbe ulipita Morogoro, Iringa, Songea, maana Lindi ilikuwa imekatika, ukamfikia Rosalia, na jibu likarudi kabla ya saa tano: Leonardi yuko kambi ya kilimo upande wa Nachingwea, amefika Jumapili, ni mzima. Yuliana ambaye mara ya kwanza alizunguka siku tatu vituo vya polisi bila jibu, sasa alipata jibu kwa saa mbili. Alilisoma mwenyewe, akairudisha karatasi. Hakushukuru. Wiki hiyohiyo akauza kitanda na meza, akachukua patasi za mumewe zikiwa zimefungwa kwenye gunia, akaenda kusini. Aliagana na nyumba nzima, na kwa Atuganile akapita kama anayepita mlango wa chumba kitupu.

Hapo Atuganile akafanya kitu ambacho hakuwahi kumruhusu opereta yeyote kukifanya. Alituma maneno yake mwenyewe kwenye laini ya shirika. Aliyaandika na kuyafuta mara nyingi, mwisho yakabaki mistari mitatu: kwamba ni yeye, kwamba hakujua, kwamba anaomba radhi. Alimsihi Rosalia ayafikishe kwa Leonardi kambini kwa mkono wa dereva wa dawa. Akangoja siku nne. Ya tano, katikati ya ombi la sindano na orodha nyingine ya majina, Rosalia akaandika: Amesomewa. Hakuna jibu.

Aliomba kuhamishiwa ghalani. Revelian akakataa, akasema bila yeye mitambo italala. Aliomba basi orodha zile zisipite tena. Revelian akamwonyesha kasha la vipuri vipya, akamuuliza kama anataka Mtwara wafe tena kwa kipindupindu. Akarudi mezani kwake, kwa sababu asubuhi ileile alikuwa amepitisha ombi la damu ya Iringa, na mtoto aliyeihitaji alikuwa na jina pia. Alibaki kwenye kiti. Akawa anasoma kila jina, na hilo ndilo alilolibadilisha, hakuna jingine. Maopereta wapya walimwona mwanamke mkavu asiyeongea.

Mwaka uliofuata Revelian aliitwa kwenye mkutano wa wataalamu wa mawasiliano ng'ambo. Alikuwa ameandika ripoti ya kurasa thelathini: nchi isiyo na kompyuta ilivyojenga mtandao kwa teleksi, karatasi na watu. Alimletea Atuganile aipitie, naye akaipitia yote, akasahihisha mahali ambapo hesabu ya mistari ilielezwa vibaya. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina la Revelian, kulikuwa na jina lake.

"Hili litoe," akasema.

"Lakini kazi ni yako. Watu wakubwa wataisoma, Atuganile. Wale wenye kompyuta zao."

"Ndiyo maana. Litoe."

Revelian alitaka kuonekana amesikitika. Alitazama dirishani, akapangusa miwani, akasema kama ndivyo anavyotaka mwenyewe, basi hana la kufanya. Na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake.